Tupeane uzoefu: Game of Thrones ulianza kwa kusoma vitabu au kutazama tamthilia, na kilikupata nini?

Mkate_na_Chumvi
Wakuu, jana nahama chumba nikakuta chini ya kabati kile kitabu cha tatu, A Storm of Swords. Jalada halipo, pembeni mende wamejilia. Nilikinunua kwa wauza vitabu vya mtumba bila hata kujua kwamba ni cha tatu. Nikakaa sakafuni nasoma, dereva wa kirikuu anapiga honi nje. Waliosoma kabla ya kutazama, na waliotazama kabla ya kusoma, mwageni hapa. Nani aliumia zaidi?

Kunguru wa Ukutani
Sisi tuliosoma. Mwisho wa kitabu hicho hicho Catelyn Stark anarudi kutoka wafu, koo limechanjwa, ananyonga watu. Nikamsubiri sizoni ya 4. Nikamsubiri ya 5. Hakuja mpaka tamthilia inaisha 2019.

Bwana Kimya
Kunguru umesema kweli.

Dada wa Hosteli
Acheni nitoe langu, ninalo tangu 2013. Tulikuwa wanne chumba kimoja, hosteli ya nje ya chuo. Mwenzetu mmoja alimpenda Robb Stark mpaka picha yake ndiyo ilikuwa kwenye simu, ya baba yake mzazi hana. Mimi nimeshasoma. Wiki tatu nzima namsikia, "Huyu ndiye atakayelipiza kisasi cha baba yake," nameza mate tu.

Juni ikafika, kijana wa muvi akatutilia kwenye fleshi sehemu ya 9 ya sizoni ya 3, ile ya harusi. Laptopu tumeiweka juu ya ndoo, betri mbovu, inaishi kwa waya. Mlango wa ukumbi ukafungwa, bendi ikabadilisha wimbo, puu! Luku imeisha. Saa sita usiku, hakuna mwenye salio.

Akaja kitandani kwangu gizani. "Shosti, wewe si umesoma. Robb anapona?" Nikamwambia anapona. Akalala fofofo. Mimi sikulala.

Asubuhi tukaweka umeme. Nikashika pasi, najifanya nanyoosha sketi, macho kwake na siyo kwenye laptopu, maana mimi najua kila kitu. Kumbe! Kisu cha kwanza kikaingia tumboni kwa mke wa Robb, na ana mimba. Nilipiga yowe kumshinda yeye. Kitabuni mkewe ni Jeyne Westerling, na harusini hakwenda kabisa! Huyu Talisa wamejitungia wao. Sketi ikaungua, umbo zima la pasi. Mwenzangu akanigeukia, machozi yanamtiririka: "Ulisema umesoma."

Mpaka tunamaliza chuo hatukusemezana. Mwaka juzi kaniletea kadi ya harusi yake. Nyuma kaandika kwa kalamu: "Njoo, mlango hautafungwa."

Bwana Kimya
Nimecheka mpaka bodaboda kasimama kuniuliza kama nina tatizo.

Mzee wa Deraya
Dada, ulimdanganya mtu usiku ule, ukubali. Halafu umeruka patamu: Catelyn, mama yake Robb, anafunua mkono wa Roose Bolton, mmoja wa waliomsaliti Robb, anaona deraya, vazi la chuma la vita, chini ya nguo.

Kunguru wa Ukutani
Kitabuni siyo Roose. Ni Edwyn Frey, wa ukoo wa wenyeji wa harusi, Catelyn anamshika mkono anahisi pete za chuma chini ya hariri.

Mzee wa Deraya
Unanibishia mimi niliyetazama mara nne?

Kunguru wa Ukutani
Ndiyo shida yako, umetazama.

Mama Salma, Mombasa
Jamani msipigane. Mie sijasoma hata ukurasa. Sizoni ya 8, ile vita ya usiku, sehemu ya 3, nikaona weusi mtupu kwenye tivi. Sauti zasikika, watu wauana, sioni kitu. Nikaamini tivi imekufa, nikamwita fundi. Akaifungua, akagusagusa, akachukua shilingi mia tano. Kesho yake kazini kila mtu alalamika giza! Yule fundi hadi leo akiniona avuka barabara.

Mkate_na_Chumvi
Mama Salma, pole na hongera. Sasa mdogo wangu anataka kuanza, nimshauri nini?

Kunguru wa Ukutani
Asome kwanza. Akitazama, aishie sizoni ya 4.

Mzee wa Deraya
Asisome! Cha kwanza kilitoka 1996, cha tano 2011, cha sita tunakisubiri mpaka leo. Utampa mtoto deni ambalo mwandishi mwenyewe halipi.

Bwana Kimya
Kila sura imebeba mhusika wake. Asome za Tyrion tu, nyingine aruke. Ila ajiandae, kitabuni pua ya Tyrion imekwenda karibu yote vitani. Kwenye tivi wamemwachia kovu, utadhani kajikata akinyoa.

Mzee wa Deraya
Ushauri wa ovyo kuliko wote humu.

Mama Salma, Mombasa
Nyie, tuacheni na pua. Dada wa Hosteli, harusini ulikwenda?

Dada wa Hosteli
Nilikwenda. Nikakaa meza ya karibu na mlango. Bendi ilipobadilisha wimbo tukatazamana, bibi harusi akaangua kicheko na shela lake kichwani, bwana harusi hajui kinachoendelea.

Mama Salma, Mombasa
Na ile sketi?

Dada wa Hosteli
Dekio.