Albamu ya Arctic Monkeys ya 2018: gitaa limekwenda wapi?

MpigaRithimu ameuliza:

Wakuu, salaam. Tangu Ijumaa ile ya tarehe 11 Mei 2018 ilipotoka albamu ya Arctic Monkeys, Tranquility Base Hotel & Casino, nimeisikiliza mara sita. Mara mbili kwa hedifoni, mara nne sebuleni taa nimezima. Mpaka sasa sijui kama naipenda, na jambo hilo linaninyima raha, maana bendi hii sijawahi kuisikiliza nikiwa na shaka moyoni.

Niwaeleze ninakotoka. Mimi ni mpiga gitaa, si wa kulipwa. Tunakutana na wenzangu watatu kila mwisho wa wiki, nami nashika rithimu. Albamu yao iliyotangulia, AM, ilipotoka mwaka 2013 nilijifungia na ule mpigo wa mwanzo wa "Do I Wanna Know?" siku nne nzima, mpaka ngozi ya kidole cha pete ikachubuka. Noti zenyewe ni chache, mtoto anaweza kuzishika. Kilichonitoa jasho ni kule kuchelewa kwake: waya unavutwa, unacheleweshwa kidogo, halafu unaachiwa utue juu ya pigo la ngoma kama mtu anayekaa kwenye kiti bila haraka. Nilipoupata nilipiga saa mbili bila kubadilisha chochote. Ndipo nilipojua kwamba gitaa linaweza kutembea polepole na bado likamtisha mtu.

Kisha tukangoja, karibu miaka mitano. Aprili wakatangaza albamu, na hawakutoa hata wimbo mmoja wa kuitanguliza. Nikasema sawa, wanajiamini. Siku ilipofika nilikaa na gitaa mapajani, nyuzi nimeshazilinganisha, tayari kudaka chochote kitakachopita. Nyimbo kumi na moja, kama dakika arobaini hivi, zikaisha sijagusa waya. Piano, piano, piano. Na mwimbaji wao Alex Turner anaimba kama mtumbuizaji wa ukumbi wa hoteli wakati wahudumu wanapandisha viti juu ya meza, anasimulia habari za hoteli iliyojengwa mwezini. Wimbo wa kwanza tu, mwanzo kabisa, anakiri kwamba alichotaka yeye ni kuwa mmoja wa The Strokes, bendi ya magitaa. Nikasema basi piga gitaa, ndugu yangu! Halipigwi.

Kwa hiyo nauliza wale mlioipenda kwa dhati: mliingilia mlango upi? Na Jamie Cook, mpiga gitaa wao, yuko wapi humu ndani? Matt Helders je, yule aliyekuwa akipiga ngoma kama mtu anayekimbizwa? Tafadhali msiniambie "isikilize zaidi, itakuingia." Nimeshaisikiliza. Nionyesheni mahali, nionyesheni kitu.

Kinanda_Usiku amejibu:

Mkuu, swali zuri na umeliuliza kwa heshima, si kama wengine wanaokuja kutukana.

Mimi ni mtu wa piano, kwa hiyo mlango huu niliukuta wazi. Ila nadhani ukijua albamu ilivyozaliwa utaacha kungoja kisichokuja. Turner alipotimiza miaka 30, mwaka 2016, meneja wao alimpa zawadi ya piano ya kusimama, Steinway Vertegrand. Akaiweka kwenye chumba cha ziada nyumbani kwake Los Angeles, pembeni ya mashine ya zamani ya kurekodia kanda, yenye njia nane. Humo ndimo zilimotungwa nyimbo hizi. Baadhi ya sauti za kuimba unazozisikia ni zile zile alizojirekodi peke yake humo chumbani, ndiyo maana inakuwa kama anakunong'oneza badala ya kukuhutubia.

Sasa wewe mwenyewe unajua jinsi mkono ulivyo na mazoea. Ukimpa mpiga gitaa gitaa, vidole vinakwenda vilikozoea kwenda, hata kama kichwa kinataka kwingine. Mkalishe kwenye piano, mazoea yale hayana pa kushika. Akordi zinaanza kusogea kwa hatua ndogo ndogo, mkono wa kushoto unashuka taratibu wakati wa kulia umekaa pale pale, na sauti ya kuimba inapata nafasi ya kuzurura. Sikiliza wimbo wa mwisho, "The Ultracheese". Hebu fikiria gitaa la AM limewekwa pale, na uzito wake wote. Lingeubana wimbo usipumue.

Kuhusu Jamie Cook: Turner mwenyewe hakuwa na hakika kama nyimbo zile ni za bendi au ni zake binafsi. Akampelekea Cook azisikilize, na Cook ndiye aliyemtia moyo ziwe za bendi. Mwaka 2017 wakaenda kuzirekodi na wenzao studio ya La Frette, karibu na Paris, wakiwa na mtayarishaji wao wa siku zote James Ford. Kwa hiyo ukiuliza Cook yuko wapi, mimi nakujibu kwamba bila yeye pengine usingekuwa na albamu yenye jina la Arctic Monkeys. Mpiga gitaa aliyesikia nyimbo zisizomhitaji sana akasema "tuzifanye," huyo mimi namvulia kofia.

MpendaKelele amejibu:

Nimesoma maelezo ya Kinanda, ni mazuri, lakini hayajanibadilisha. Sijaipenda na sitajilazimisha.

Mimi nilianza nao kwenye albamu ya kwanza, 2006. Vijana wanne wa High Green, Sheffield, wanaimba kuhusu baunsa anayekuzuia mlangoni na vurugu za kugombea teksi usiku wa manane. Watu wale nilikuwa nawaona! Iliuza zaidi ya nakala 360,000 Uingereza katika wiki yake ya kwanza, na haikuwa bahati; kila aliyeinunua alijikuta humo. Leo naambiwa kuhusu mgahawa juu ya paa la hoteli mwezini, umepewa nyota nne kati ya tano. Simjui mtu yeyote wa kule. Namheshimu Turner, ana haki ya kwenda anakotaka, ila mimi nimebaki kituoni na inaniuma.

NyuziNne amejibu:

Kaka MpendaKelele, maumivu yako nayaelewa kabisa, maana nami nilianza pale pale. Lakini huo mwezi mbona ni hapa hapa tunapoishi?

Angalia jina la huo mgahawa: Information-Action Ratio. Ni dhana ya Neil Postman, kwenye kitabu chake cha 1985 kuhusu televisheni. Anasema habari zinazotufikia ni nyingi mno, na zile tunazoweza kuzifanyia jambo lolote ni chache mno. Turner ameichukua hoja hiyo nzito, akaipa meza na viti, akaiweka juu ya paa, watu wanakwenda kula na kuipa nyota. Ukishaliona hilo, hoteli yote inabadilika. "She Looks Like Fun" anatupa maneno yasiyo na undugu, salamu za asubuhi, baga, kuteleza kwenye theluji, hivyo hivyo vitu vinavyopita chini ya kidole chako kwenye simu kabla hujaamka vizuri. "Golden Trunks" kiongozi wa nchi anageuka mwanamieleka mwenye bukta ya dhahabu. "Batphone" anatangaza manukato, na jina aliloyapa ni Uadilifu! Hilo la mwisho lilinisimamisha jikoni, kijiko mkononi. Mtu aliyekuwa akiangalia foleni ya teksi kwa makini mwaka 2006 sasa anaangalia skrini kwa makini yale yale. Amebadilisha dirisha tu.

Na Tranquility Base ya kwenye jina la albamu ni mahali pa kweli mwezini, chombo cha Apollo 11 kilitua pale Julai 1969. Binadamu alifika mbali kuliko wakati wowote, halafu kwenye albamu hii anajenga nini huko? Hoteli na kasino. Mimi hiyo inanigusa sana.

Sasa wewe MpigaRithimu. Mimi ni mpiga besi, na nitakwambia kosa lako kwa upendo: umekwenda kwenye albamu ya besi ukiwa umeshika gitaa. Usiku wa leo liache kwenye mfuko wake. Weka hedifoni, anza na "Star Treatment", na usimfuate Turner hata kidogo, mwache aseme. Fuata besi peke yake. Utasikia inazungumza, inanyamaza, inaacha nafasi kubwa ya kutosha mtu kupita, halafu inarudi na noti mbili tatu tu. Ngoma nazo zimeketi nyuma yake, kavu, hazina haraka. Umemuulizia Helders? Ndiyo huyo. Kupiga ukikimbizwa ni nguvu. Kujizuia hivi wimbo mzima bila kulegea kunataka nguvu zaidi, muulize yeyote aliyewahi kujaribu.

Baada ya hapo nenda "One Point Perspective". Piano inagonga fupi fupi, kama mtu anayegonga meza kwa kucha akiwaza. Turner anaongea, anaongea, halafu anakiri amepoteza mlolongo wa mawazo. Anaponyamaza, nani anaingia kumalizia sentensi yake? Sitakwambia. Sikiliza, kisha urudi.

MpigaRithimu amejibu:

Nimerudi. Siku tatu zimepita, samahani kwa kuchelewa, nilitaka nije na kitu mkononi.

Dada NyuziNne, nilifanya kama ulivyoagiza. Gitaa nililifungia kwenye mfuko wake, nikaenda kuliweka chumba kingine kabisa kwa sababu najijua. "Star Treatment" nimeusikiliza kwa besi tu, mara tatu mfululizo. Ni kweli ile nafasi ipo. Nilikuwa nikiihesabu kuwa utupu, kumbe imepimwa. Kila mara nilipodhani noti inakuja haikuja, ikaja ile ya baada yake.

Halafu "One Point Perspective." Gitaa! Lilikuwepo mara sita zote na masikio yangu yakapita juu yake, kwa sababu nilikuwa nasubiri mpigo mzito wa kufungulia wimbo, nalo limekuja katikati, jembamba, lina mwanya kidogo kati ya noti na noti. Yeye anapoteza mawazo, lenyewe linayaokota. Siku ya pili nililitoa gitaa kwenye mfuko nikajifunza solo ile. Noti nimezishika kwa robo saa. Lakini ikawa haikai, inasikika sahihi na bado imekufa. Nikarekodi kwenye simu, nikasikiliza, nikajua tatizo ni lile lile la 2013: nilikuwa nawahi. Nilipoanza kuchelewa nyuma ya piano, kuvuta waya na kuungoja, ikaamka. Nilikaa pale kitandani nikicheka peke yangu kwa furaha. Mkono ni ule ule, wakuu. Wamepunguza sauti tu na kuuhamishia kwenye chumba kingine.

"Golden Trunks" nao sasa naupenda mno, gitaa la mwanzo lile limenona, linatambaa chini. "The World's First Ever Monster Truck Front Flip" bado haujanifungukia, nasema ukweli, na "Science Fiction" naupita haraka kufika wa mbele yake. MpendaKelele, wewe sikubembelezi. Ulichosema kuhusu kubaki kituoni nilikisoma mara mbili, na kama ningekuwa nimeanza nao na maneno badala ya gitaa, pengine ningekuwa nimesimama hapo pembeni yako. Ila "Batphone" usikilize mara moja zaidi kwa ajili ya yale manukato.

Jumamosi tunakutana na wenzangu. Mpiga besi wetu nilimtumia "Star Treatment" bila maelezo, akanijibu baada ya dakika kumi kwamba lazima tuujaribu. Mimi nitakaa kwenye kinanda, mkono wa kulia tu, wa kushoto bado haunitii.

Kinanda_Usiku, nina ombi. Ule mwisho wa "Four Out of Five", pale ufunguo unapoanza kupanda na kiitikio kinazidi kwenda juu, nimekaa nao tangu jana. Mpando wa kwanza nimeupata, wa pili unaniponyoka kila nikidhani nimeushika. Ukipata nafasi kabla ya Jumamosi niandikie akordi zake hapa, pamoja na vidole unavyotumia.