Majirani: mwarobaini wa kona na barabara mpya

Mjumbe: Habari za jioni majirani. Mhandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, amenipa mchoro wa barabara yetu, picha iko hapo juu. Lami mita 6, mitaro pande zote, njia ya miguu mita 1.5 upande wa msikiti. Maoni mwisho Jumatatu.

Baba Pacha: Alhamdulillah! Vumbi limetuchosha. Naomba nafasi ya kuegesha magari.

Mama Genge: Mjumbe, ule mkato mwekundu kwenye mwarobaini ni wa nini? Nimeukuta asubuhi napanga nyanya, rangi bado mbichi.

Mjumbe: Unakatwa dada. Kwenye mchoro uko katikati ya njia ya miguu.

Bibi wa Kona: 🎤 1:12

Mjukuu wa Bibi: Kwa walio kwenye daladala: Bibi anasema mti ule aliupanda marehemu babu mwaka 1984 walipohamia. Akaumwagilia maji ya kuoshea vyombo mpaka ukashika. Anauliza nani alikuja kumwambia.

Mjumbe: Shikamoo Bibi. Nisamehe, nilipaswa kuja nyumbani kwanza. Kesho asubuhi niko hapo.

Bibi wa Kona: Marahaba mwanangu. Njoo.

Kijana wa Bajaji: Wazee wangu, pale ndipo kijiwe chetu. Saa nane mchana bajaji iliyoanikwa juani kiti hakikaliki, abiria anasimama pembeni kwanza. Ukikatwa ule, tunahamia wapi?

Baba Pacha: Lakini jamani, barabara ni maendeleo. Na sheria inasema hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande, tushukuru hawajavunja kuta.

Mjumbe: Hapana Baba Pacha, hiyo mita 30 ni ya barabara kuu na za mkoa, zilizo chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Yetu ni ya mtaa.

Dada wa Ghorofa: Tupande miashoki mipya, mistari miwili. Inapendeza sana.

Mama Miche: Dada yangu, miashoki naiuza na inanilisha, lakini nitasema kweli. Mwashoki unakwenda juu kama mshumaa, kivuli chake hakitoshi hata benchi. Mkungu nao una kivuli kizuri, ila majani yake makubwa yakipukutika yote yanaingia mtaroni, na masika maji yanarudi ndani ya nyumba zetu. Mkrismasi unapochanua Desemba unafurahisha macho, ila mizizi yake inatambaa juu juu na kuinua zege. Mimi ningeweka ile miti ya miavuli, yenye matawi ya ngazi ngazi, mche mmoja kila mita 8. Chini ya nyaya za umeme za TANESCO tuweke vifupi, mkomamanga au mstafeli, la sivyo kila mwaka vinakatwa vichwa.

Mama Miche: Na mashimo yaachwe SASA, kabla ya zege. Mita 1 kwa mita 1, kina mita 1, udongo mwekundu na samadi. Wakishasakafia, nani atarudi kutoboa? Kama miti haimo kwenye orodha ya kazi za mkandarasi, haitapandwa.

Fundi Bomba: Naunga mkono, na niongeze. Mabomba matupu yapitishwe chini ya barabara kabla ya lami, kila mita 50. Mtaa wa nyuma lami haikumaliza miezi mitatu ikakatwa kupitisha maji. Kile kiraka kilititia masika ya kwanza, mpaka leo ni dimbwi.

Mama wa Kiti Mwendo: Na mifuniko ya mtaro tafadhali, na mteremko kwenye kila kivuko. Mwanangu anavushwa mtaro kwa kubebwa mgongoni. Ana miaka 14 sasa, anaona aibu.

Mjumbe: Hilo naliandika la kwanza.

Kijana wa Bajaji: Nimetoka kupima pale konani, futi ya Fundi. Kutoka shina hadi michongoma ya Baba Pacha ni sentimita 80. Michongoma yenyewe unene wake mita 1.20, kisha ndiyo ukuta.

Mama Miche: Jumla mita 2! Njia ya mita 1.5 inapita nyuma ya mti, na nusu mita ya udongo inabaki kwa ajili ya mizizi. Pale iwe vitofali juu ya mchanga, mvua ipenye. Mtaro upande wa pili uchimbwe kwa sururu, katapila litararua mizizi.

Fundi Bomba: Inawezekana kabisa.

Mjumbe: Inabaki michongoma.

Baba Pacha: Nimeilea miaka 9 hiyo.

Baba Pacha: Bibi, harusi ya mdogo wangu tulipikia chini ya mti ule. Nimetoka nje sasa hivi kuuangalia. Naing'oa Jumamosi. Magari tutaingiza ndani.

Bibi wa Kona: 🎤 0:09

Mjukuu wa Bibi: Anasema Mungu akuzidishie, na chai ya Jumamosi ni kwake.

Mama Genge: Maandazi yangu 🙏

Mama Miche: Miche 12 natoa mimi. Tupande tarehe 1 Aprili, Siku ya Kupanda Miti, masika imeshashika. Kila nyumba ichukue mmoja, ndoo moja kila baada ya siku mbili kuanzia Juni mpaka vuli.

Dada wa Ghorofa: Nipeni wa mbele ya geti langu. Nachora upya ule mchoro usiku huu nikiweka vipimo vya kijana.

Mjumbe: Jumamosi saa 1 asubuhi, konani. Fundi njoo na futi, mwenye panga na glavu aje nazo. Jumatatu nampelekea mhandisi.