Tupeane uzoefu: ulilichaguaje gari lako la michezo la zamani, na kulibadilisha kumekufundisha nini?

ChumaChakavu (mleta mada)

Heshima kwenu wakuu.

Humu tuko wengi tuliowahi kununua gari la michezo la miaka ya 60 au 70 kwa nia ya kulijenga upya tunavyotaka wenyewe: injini nyingine, breki za maana, rimu pana, viti vya kukumbatia. Picha za gari likishakamilika hazikosekani. Ninachokitafuta mimi ni yale ya gereji: kwa nini ulichukua hili ukaacha lile, ulikwama wapi, na kitu gani ukirudishwa mwanzo usingekigusa. Tusibaniane. Nafungua mimi.

Langu la kwanza ni Datsun 240Z. Gari hilo lilizinduliwa mwishoni mwa 1969, injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili, boneti ndefu, na dereva anakaa karibu kabisa na gurudumu la nyuma. Nililipenda tangu mdogo. Nilipokuwa tayari kununua nikapata mawili. Moja limepauka, viti vimechanika, injini haiwaki. La pili linang'aa, rangi mbichi, ukizungusha ufunguo mara moja tu linanguruma. Nikachukua linalong'aa.

Wiki ya tatu nikainua zulia la upande wa abiria. Nikawa nagonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, napita polepole kutoka mbele kwenda nyuma. Bati zima linalia, unalisikia. Nilipofika usawa wa miguu ya abiria sauti ikafa, ikawa nzito kama nagonga ubao. Nikakwangua. Puti, ule udongo wa kuzibia mabonde kabla ya rangi. Chini ya puti faibaglasi, na chini ya faibaglasi nikaona sakafu ya gereji. Zile boriti mbili zinazopita chini ya gari kutoka kwenye injini zilikuwa zimeliwa, mtu akazivisha bati jepesi na kuzipaka rangi nyeusi nene. Miezi 14 niliimaliza kwenye kuchomelea tu, kabla sijagusa hata kimoja kati ya vitu nilivyopanga.

Na lile lililopauka? Aliyelichukua nilikutana naye baadaye. Bodi lilikuwa zima. Injini ilikuwa haiwaki kwa sababu tanki na mipira ya mafuta vimejaa uchafu.

Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja: unanunua bodi, vingine vyote ni vipuri. Siku hizi natembea na sumaku ndogo niliyoifunga kwenye kitambaa laini. Kwenye bati inang'ang'ania, kwenye puti nene inateleza na kuanguka. Kwa 240Z angalieni hasa chini ya betri, kwenye kisanduku cha hewa chini ya waipa, na nyuma ya milango pale bodi linapokutana na tairi la nyuma.

Nauliza kwa sababu kuna gari lingine nalinyemelea. Kabla sijatoa hela nataka kuwasikia.

SpringiMbili

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi ni MGB, ile ya wazi. Zimetengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, kwa hiyo vipuri vipo vya kumwaga, na hiyo ndiyo sababu niliichagua. Bado naona nilichagua vizuri.

Kosa langu lilikuwa kwenye kukata. MGB haina chesi, yaani fremu ya chuma ya kubeba gari, ya peke yake. Bodi lenyewe ndilo chesi. Na kwa kuwa haina paa la bati, kazi yote ya kulishikilia gari lisijikunje katikati inafanywa na sili, yaani zile boriti za chini ya milango, pamoja na handaki la giaboksi. Zangu zilioza. Nikaliweka gari juu ya stendi nne, mbili mbele mbili nyuma, nikang'oa milango nipate nafasi, nikakata sili zote mbili siku moja. Nikachomelea mpya, safi kabisa. Niliporudisha mlango wa dereva, pengo la juu limebana kiasi kwamba kadi haipiti, na la chini kidole kinaingia. Gari lilikuwa limelegea katikati nami nimelifunga hivyo hivyo kwa welding.

Nilikata upya. Safari hii nilichomelea bomba la mraba kutoka nguzo ya mbele hadi nguzo ya nyuma kwenye kila uwazi wa mlango, nikaweka stendi na katikati pia, nikafanya upande mmoja hadi mwisho ndipo nikahamia wa pili, na kila baada ya viraka kadhaa narudisha mlango naupima. Ukiwa na gari lisilo na paa, usiguse grainda kabla hilo bomba halijakaa.

MzeeWaDifu

Vijana, msemayo ya bodi ni kweli, lakini kuna kuchagua kwingine kunakotangulia huko: unalijenga gari likufanyie nini? La safari ndefu, la kona za milimani, au la kuongeza mwendo kwenye mstari ulionyooka? Mimi sikujiuliza.

Nilikuwa na Triumph TR6. Hiyo ina chesi yake, bodi linakaa juu, na injini yake ni silinda 6 za lita 2.5. Nikaitoa nikaweka V8, injini ya silinda 8. Injini iliingia, hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni vilivyo nyuma yake. Kwenye TR6 difu, lile bonge la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, linaning'inia kwenye pini zilizochomelewa kwenye chesi, na pini hizo hata kwa injini ya kiwandani watu huziongezea bati. Mimi sikuziongezea. Siku ya nne barabarani nilikanyaga mafuta nikitoka kona, ukasikika mlio mmoja kama nyundo. Pini moja ilikuwa imeng'oka na kipande cha chesi.

Baada ya hapo likaja la mtetemo. Injini mpya ilikaa chini zaidi mbele, nikalaza giaboksi bila kupima. Propela, shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, ina misalaba miwili, yaani viungo vya kujikunja, na pembe ya msalaba wa mbele na wa nyuma zinatakiwa zilingane ili mmoja ufute kuyumba kwa mwingine. Zangu zilipishana. Nilibadilisha beringi, nikapeleka propela kupimwa uwiano, nikabadilisha raba za injini, na mtetemo uko pale pale. Dawa ilikuwa vipande viwili vya chuma chini ya mkono wa giaboksi.

Anzeni kwenye tairi mkirudi mbele. Tairi, breki, shafti za magurudumu, difu, propela, giaboksi. Injini iwe ya mwisho.

BintiKabureta

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kwa mpangilio, ila mimi nasema injini ya mwisho hiyo mara nyingi si lazima iwe nyingine.

Nina BMW 2002, silinda 4, sentimita za ujazo 1,990. Kila aliyefungua boneti alinishauri niweke injini ya kisasa. Nilikataa kwa sababu uzuri wa gari hilo ni wepesi wa pua yake. Unaweka usukani tu, gari limeshageuka. Ukitia chuma kizito mbele umelinunua gari moja ukaendesha jingine.

Nilichofanya ni kuifungua injini yote, kamshafti kali kidogo, kisha kabureta mbili za Weber DCOE za milimita 45. Hapo ndipo nilipoteseka. Juu ya mizunguko 4,500 inapaa, chini ya hapo inakohoa, na plagi zote nne zinatoka nyeusi kama zimepakwa masizi. Nilikuwa nabadilisha jeti, vile vitundu vya kupimia petroli, wiki baada ya wiki. Ubaya haukuwa kwenye jeti. Zile bomba nyembamba za ndani ya kabureta, choki, zilikuwa za 36, pana mno kwa injini ya mtaani. Hewa inapita polepole, haina nguvu ya kuvuta petroli vizuri. Nikaweka 32 na kurekebisha jeti zilingane nazo. Injini ikaanza kuvuta toka chini, na plagi zikatoka rangi ya kahawa yenye maziwa.

Kulinganisha kabureta mbili situmii mashine. Nachukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine nasogeza mdomo baada ya mdomo wakati injini iko sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta. Ule mvumo ukiwa sawa kote, umemaliza. Jioni tulivu, gereji kimya, unafanya hiyo kazi hadi unasahau saa.

Na ombi langu kwa wote: usikate kisichorudishika. Kila nilichokitoa kiko kwenye boksi lenye jina lake na bolti zake.

MzeeWaDifu

Marahaba binti. Hilo la boksi naliunga mkono mikono miwili. Ile injini ya TR6 niliiuza, na hadi leo inaniuma.

NyayaNyekundu

Mleta mada, sumaku yako kwangu isingefaa kitu. Nina Corvette ya kizazi cha tatu, zile za 1968 hadi 1982, na bodi lake ni faibaglasi tupu. Watu wanafikiri maadamu si bati basi hakuna kutu. Ipo, imejificha: ndani ya hiyo faibaglasi kuna fremu ya chuma inayozunguka kioo cha mbele na milango, na chini kuna chesi ya chuma. Unaweza kuona gari linapendeza kumbe fremu ya kioo imeoza. Toa urembo wa pembeni mwa kioo, mulika tochi, kaguzi nyingine baadaye.

Langu halikuwa na kutu ya kutisha. Nilichorithi ni nyaya. Mwenye gari wa kabla yangu aliongeza feni, redio, pampu ya petroli ya umeme, kila kimoja kimedandia waya ulio karibu. Taa za nyuma zilikuwa zinafifia nikikanyaga breki. Kwenye gari la bati ungesema taa imekosa ardhi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, uikwangue rangi, ufunge bolti. Faibaglasi haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa inahitaji waya wake wa kurudi kwenye chesi, na yule bwana alikata kadhaa bila kujua kazi yake.

Niliung'oa mtandao wote nikausuka upya, na rilei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, kwa kila kinachokula umeme mwingi. Kwenye magari mengi ya zamani umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya dashibodi; unashika swichi na inaunguza. Rilei inaipunguzia swichi mzigo, na taa zenyewe zinapata mwanga. Wenye MGB za hadi 1967 hivi mkae macho zaidi: zilitoka na ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Ukiunganisha kifaa cha kisasa bila kulijua hilo, umekiunguza.

GiaYaTano

Nasoma kwa makini sana, endeleeni. Swali la mgeni: rangi napuliza hatua gani?

SpringiMbili

@GiaYaTano baada ya gari kuunganishwa lote likiwa halina rangi, likawaka, likatembea, ukalifungua tena. Utakuta bano moja halikuchomelewa na tundu moja halikutobolewa. Afadhali uyajue hayo kwenye praima.

ChumaChakavu

Niongezee la breki kabla sijasahau. Kwenye 240Z wengi tunaweka kalipa, zile zinazobana diski ya breki, za Toyota Hilux za pistoni 4, zinafunga vizuri mbele. Nilipoziweka tu, kanyagio likashuka karibu na sakafu, nikatoa upepo mara sita. Upepo haukuwemo. Pistoni ni nyingi na zinataka mafuta mengi, masta silinda, pampu ya kanyagio, ya zamani ya inchi 7/8 inasukuma machache. Nikaweka ya 15/16, kanyagio likapanda. Halafu rimu ikagusa kalipa, nikabadilisha na rimu. Sehemu moja ya gari inaamsha nyingine tatu. Pangeni hela na muda mkilijua hilo.

ChumaChakavu

MREJESHO.

Wakuu, nimelichukua. Toyota Celica ya kizazi cha kwanza, hizi zilizoanza 1970. Nilikwenda na sumaku, tochi, na ushauri wenu wote. Nilifungua milango nikainyanyua kwa mkono kuona kama bawaba zimelegea, nikatazama mapengo juu na chini kama alivyoeleza SpringiMbili. Yamelingana. Zulia niliinua lote, mwenye gari amesimama pembeni. Nimegonga sakafu nzima, inalia mwanzo mwisho. Kutu niliyoikuta ni ya upana wa dole gumba chini ya kona ya kioo cha mbele, na moja ndani ya buti.

Injini imejifunga, haizunguki. Zamani hilo lingenifukuza. Dada BintiKabureta, nimekusikia: siitoi. Nilichomoa plagi nikamimina mchanganyiko wa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni kwenye kila silinda, nikaacha siku tano, naongeza kila jioni. Leo nimevalisha spana kwenye bolti ya krenki, nikavuta taratibu bila kulazimisha. Imekubali robo mzunguko mbele, robo nyuma. Nimemimina tena, nimefunika boneti.