Naanza utarajali mwezi ujao: nianzie idara gani, na makosa gani humkwamisha daktari mpya?

MgangaMpya
Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Nimemaliza udaktari na mwezi ujao naripoti hospitali ya rufaa ya mkoa kwa mwaka mmoja wa utarajali, yaani mafunzo ya kazini chini ya usimamizi. Tutazungushwa kwenye idara nne kubwa: magonjwa ya ndani, watoto, upasuaji, na wazazi. Tumeruhusiwa kupendekeza pa kuanzia. Nianzie wapi? Sampuli kurudishwa na maabara ni mambo ya kila siku kama wanavyosema, au ni uzembe wetu? Na lile daftari la utarajali, la kuorodhesha kazi ulizofanya, linajazwaje ili mtu asikwame mwishoni? Nadharia tuiache, nataka ya wodini.

ZamuYaUsiku
Anzia wazazi. Dharura za kule si za aina nyingi, ila zinajirudia kila wiki, kwa hiyo mkono unazoea haraka.

Chukua kifafa cha mimba. Dawa yake ya degedege, magneziamu salfeti, nyingi ni ya asilimia 50, lakini ujazo wa vichupa hutofautiana: kuna vya ml 2 (gramu 1) na vya ml 10 (gramu 5). Aliyekariri "vichupa viwili" siku moja ataua mtu. Hesabu kwa gramu. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4 za asilimia 20: vuta ml 8 za asilimia 50, ongeza ml 12 za maji ya sindano, unapata ml 20. Isukume taratibu, isipungue dakika 5. Kisha gramu 10 za kwenye msuli, gramu 5 kila tako. Hizo hazizimuliwi kwa maji. Unaongeza ml 1 ya lignokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 kwenye bomba lilelile kwa sababu inauma sana. Baada ya hapo ni gramu 5 kila saa 4, tako kwa kupokezana, hadi zitimie saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote lililotokea baadaye.

Wageni wanajikwaa kwenye hizo dozi za saa 4. Wanaangalia saa ya ukutani, mgonjwa hawamwangalii. Kabla ya kila dozi hakikisha matatu: anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, ukigonga chini ya pia ya goti mguu unaruka, na mkojo haupungui ml 30 kwa saa. Mfuko wa mkojo wenye ml 80 tangu dozi iliyopita hautoshi, unatakiwa uone angalau ml 120. Dawa hii inatolewa na figo. Mkojo ukipungua inarundikana mwilini, goti linanyamaza kwanza, pumzi inafuata. Kimojawapo kikikosekana, usichome, mwite mkubwa wako. Kalsiamu glukoneti gramu 1 (ml 10 za asilimia 10), ambayo ndiyo kiuasumu chake, iwe kando ya kitanda tangu mwanzo. Ikiwa kabatini na ufunguo anao mtu aliyekwenda kula, ni sawa na kutokuwa nayo.

MamaLeba
Mwanangu, karibu. Mengi ameshayasema, mimi naongeza la maandishi. Ukiandika "apewe dripu" muuguzi hana la kufanya nayo. Andika aina, ujazo na muda: "Ringa lakteti ml 500 kwa saa 4". Kwa seti ya matone 20 kwa ml, hiyo ni matone kama 42 kwa dakika. Soma idadi ya matone kwenye pakiti ya seti, maana zipo na za 15. Na kila ulichoandika, weka saa. Tarehe peke yake haimsaidii mtu wa zamu inayofuata kujua kama dozi imeshachomwa.

Halafu salimia watu ukifika zamu. Sista wa usiku akikwambia "daktari, huyu mama simwelewi", amka ukamwone, hata kama presha iliyoandikwa ni nzuri.

KichupaCheusi
Nipo maabara. Sampuli kurudi ni uzembe, tusioneane aibu.

Nyingi hurudi kwa sababu ya jina. Kichupa kiandikwe palepale kitandani baada ya kuchota, mgonjwa akiwa mbele yako. Ukiandika vichupa vitano mapema ukaviweka mfukoni, kuna siku damu ya kitanda namba 6 itaingia kwenye kichupa cha kitanda namba 9. Kwa damu ya kuongezewa sitaki hata kufikiria.

Sababu ya pili ni damu kuvunjika. Ukichota kwa bomba halafu ukaisukuma kwa nguvu kupitia sindano ileile, seli zinapasuka, potasiamu inamwagika, na wewe unapokea jibu la potasiamu ya juu ambayo mgonjwa hana. Mpira wa kufunga mkono usikae zaidi ya dakika 1. Mkono wenye dripu usichote kabisa, utatuletea dripu.

Mpangilio wa vichupa una maana yake: chupa za kuotesha vimelea kwanza (tena kabla ya antibayotiki), kisha bluu ya kupima kuganda kwa damu, nyekundu, zambarau, na kijivu cha sukari mwisho. Zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, yenye potasiamu. Tone likivuka kwenda nyekundu, potasiamu inapanda na kalsiamu inashuka. Bluu ijae hadi kwenye mstari, la sivyo tunaimwaga, kwa sababu dawa iliyomo imepimwa kwa sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa. Zambarau igeuze taratibu mara 8 hadi 10. Usiitikise kama soda.

MgangaMpya
Asanteni sana. Nimeona mahali artesunate, sindano ya malaria kali, inachanganywa na maji ya sindano moja kwa moja. Ni sahihi?

WodiYaWatoto
Si sahihi. Kichupa cha mg 60 kinayeyushwa kwanza kwa ml 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nayo kwenye boksi, tikisa mpaka iwe angavu. Ikibaki na ukungu, tupa. Kwa mshipa unaongeza ml 5 za salaini au glukosi ya asilimia 5, kila ml inakuwa na mg 10. Kwa msuli unaongeza ml 2 tu, kila ml inakuwa na mg 20. Itumike ndani ya saa 1.

Dozi ni mg 3 kwa kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, na mg 2.4 kwa kilo kuanzia 20 kwenda juu. Saa 0, 12 na 24, kisha mara moja kwa siku hadi aweze kumeza dawa mseto. Mtoto wa kilo 12 ni mg 36, yaani ml 3.6 za mshipani. Mpime uzito kwenye mzani. Kukadiria kwa macho ndiko kunakoleta dozi pungufu. Na kila mtoto aliyepoteza fahamu apimwe sukari kabla ya lolote.

Pa kuanzia, simuungi mkono ZamuYaUsiku. Leba inafundisha mikono, lakini anayeanzia magonjwa ya ndani anajifunza kuchukua historia na kuwasilisha mgonjwa kwenye raundi, na hilo utalihitaji idara zote tatu zinazobaki.

ZamuYaUsiku
Historia ataijifunza hata usiku wa manane leba, tena kwa dakika mbili. Ila sawa, hoja yako ina uzito.

DaftariSafi
Daftari: sahihi ichukuliwe wiki hiyohiyo. Bingwa akihamishwa au akienda likizo, kazi zako za miezi mitatu hazina mwenyewe. Andika namba ya faili, si jina la mgonjwa, na utofautishe ulichotazama, ulichosaidia na ulichofanya mwenyewe chini ya usimamizi. Ukijaza yote siku ya mwisho kwa wino mmoja, msimamizi ataona.

Ukijichoma sindano: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, ripoti papo hapo. Dawa za kinga ya VVU zianze ndani ya saa chache, zisivuke saa 72, na zinamezwa siku 28. Usisubiri zamu iishe.

Usiguse mgonjwa kabla ya kupata usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Uwe na nakala zake, pamoja na pesa ya kula na kodi ya miezi miwili, maana posho ya kwanza huwa haiji kwa wakati. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi 3, mwezi 0, 1 na 6. Kama hujaanza, nenda kesho asubuhi.