Naomba ushauri: nimerithi udi wa mjomba, je, nianze na gitaa kwanza?

Mpwa wa Tanga

Ndugu zangu, salamu zenu. Mjomba wangu, ambaye ujanani alipiga udi katika kikundi kimoja cha taarab hapa Tanga, alifariki mwaka juzi, na mkewe akaniita akanikabidhi chombo hicho akisema hataki kukiona kinaliwa na vumbi juu ya kabati. Nina umri wa miaka 34, sijawahi kujifunza muziki, na mwalimu wa udi sijampata mjini kwetu.

Kwa miezi miwili sasa najaribu kila usiku baada ya Isha. Sauti zangu zinakwenda kando, vigingi vya kukazia nyuzi vinalegea kila mara, na kifundo cha mkono wa kushoto kinaniuma hadi asubuhi. Mwenzangu kazini, anayepiga gitaa kanisani, amenishauri niuweke udi pembeni ninunue gitaa, kwa kuwa shingo ya gitaa ina vyuma vinavyomwonyesha mtu pa kuweka kidole, nami nirudi kwenye udi nikishakomaa. Ningependa sana nisiuache udi huu, lakini sitaki kujidanganya. Naombeni mwongozo.

Fundisha Udi, Unguja

Pole kwa msiba, ndugu yangu. Nakuomba usiuache udi. Gitaa ni chombo kizuri, lakini vyuma vile vinakufanyia kazi ambayo kwenye udi inatakiwa ifanywe na sikio, na sikio lisipofanya kazi hiyo tangu mwanzo, utakuja kuianza upya baadaye.

Maumivu ya kifundo naamini yanatokana na ukaaji. Mgongo wa udi ni wa mviringo, unateleza, na mwanafunzi hujikuta anaishika shingo kwa mkono wa kushoto ili chombo kisianguke, kisha anaulaza uso wa udi kuelekea juu apate kuona vidole vyake. Ukifanya hivyo, kifundo lazima kipinde. Uweke udi juu ya paja la kulia, uso wake usimame wima, uukumbatie kwa mkono wa kulia hadi ugande kifuani, kisha ondoa kabisa mkono wa kushoto. Udi ukibaki mahali pake, umekaa sawasawa. Ukiteleza, tandika kitambaa cha ngozi pajani, ujaribu tena.

Kwa wiki mbili usibonyeze uzi wowote. Piga nyuzi wazi kwa risha, kile kijiti chembamba cha kupigia, kwa kushuka tu, taratibu, ukiiacha risha itue juu ya uzi unaofuata, kwa sababu sauti nene ya udi inatokana na uzito wa mkono unaoshuka, wala si nguvu ya vidole.

Baada ya hapo, tumia nyuzi zenyewe kama mwalimu. Mpangilio wa sauti za nyuzi tunaoutumia wengi, kuanzia uzi mnene, ni do, fa, la, re, sol, do. Chukua jozi ya sol, yaani nyuzi mbili zenye sauti moja, uteleze kidole polepole hadi sauti yake ifanane na jozi nyembamba ya do ikiwa wazi. Kwenye udi wenye nyuzi za sentimita 60, mahali hapo ni kama sentimita 15 kutoka kichwani mwa shingo. Imba sauti hiyo kabla ya kuibonyeza. Rudia kwenye jozi ya re, ukiitafuta sol. Wiki chache za zoezi hilo zinafaa kuliko nyimbo kumi za kubahatisha.

Gitaa Hadi Udi

Mimi nilipita njia aliyokushauri mwenzako, nikapiga gitaa miaka sita kabla ya kushika udi. Sikatai kwamba lilinisaidia kushika mwendo na kuvizoesha vidole. Lakini nilipofika kwenye makamu (mpangilio wa sauti za muziki wa Kiarabu) ya Rasti, ambayo mi yake iko katikati ya mi ya kawaida na ile iliyoshushwa nusu, sikio langu liliikataa nikidhani nimekosea, na kidole kilikuwa kinasogea chenyewe mahali nilipozoea. Kwenye uzi wa re tofauti hiyo ni sentimita moja na nusu tu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuacha kuisahihisha sauti iliyokuwa sahihi. Msikilize sana marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi wa Lamu, na rekodi za Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha Unguja kilichoanza mwaka 1905, hata siku ambazo hushiki chombo.

Mkaza Nyuzi

Kuhusu vigingi: toa kigingi kimoja kimoja, ukipake chaki kavu, kisha ukikaze huku unakisukuma ndani. Kikiwa kigumu kuzunguka, gusisha sabuni kavu kidogo. Nakusihi usifunge nyuzi za chuma za gitaa, kwa kuwa kipande kinachoshika nyuzi kimegundishwa tu juu ya uso mwembamba wa mbao, na mvuto wa chuma unaweza kukibandua pamoja na mbao yenyewe. Je, nyuzi ulizonazo ni zile za mjomba?

Mpwa wa Tanga

Nawashukuru sana. Ndiyo, ni zake, na mbili zimebadilika rangi kuwa kijani. Nimejaribu ukaaji wa wima, na kwa mara ya kwanza nimelala bila maumivu. Nimeipata do kwenye uzi wa sol. Zilipolingana, uzi mwembamba ulitetemeka wenyewe bila kuguswa. Je, hilo ni kawaida?

Fundisha Udi, Unguja

Ndiyo, ni kawaida, na ndiyo alama uitafute kila siku: uzi wazi huitikia sauti yake ikipigwa kwingine, na ukikosea kidogo tu unanyamaza. Badilisha nyuzi zote kwa pamoja, kwa kuwa mpya na kuukuu hazikai katika sauti moja. Ukipata nafasi ya kuvuka maji, fika Dhow Countries Music Academy, Mji Mkongwe, chuo kilichoanza mwaka 2002, wanakofundisha udi, kanuni (chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani) na fidla. Nenda na udi wenyewe, waukague uso na shingo kabla hujaukaza nyuzi mpya.