Mjadala: Aliyeua kwa ajili ya mapinduzi, akiacha kuua deni limekwisha?

Wakuu, salaam. Tangu Jumamosi mimi na mdogo wangu hatuelewani, na chanzo ni katuni ya Kijapani. Naleta mjadala huu tusaidiane, maana nyumbani tumeshindwa.

Filamu ni Rurouni Kenshin, ile ya 1997. Kenshin zamani alikuwa muuaji wa kutumwa wa wanamapinduzi wa jimbo la Choshu, waliouangusha utawala wa shogun (mtawala wa kijeshi) na kumrudishia Mfalme Meiji madaraka mwaka 1868. Vita vilipoisha akaapa kutoua tena. Anatembea na upanga uliogeuzwa, makali yako upande wa mgongo, kwa hiyo akikupiga nao mbavu zitavunjika lakini damu haitamwagika. Basi anakutana na samurai mwenzake, Takimi Shigure, wanashibana. Halafu inafichuka kwamba rafiki kipenzi wa Shigure aliuawa na Kenshin huyuhuyu miaka ile ya vita. Marehemu ana dada, anaitwa Toki. Shigure naye kumbe anapanga kuiangusha serikali mpya.

Mdogo wangu anasema Kenshin hana deni. Alitumwa, na mjumbe hauawi. Tena ilikuwa vita: kule Kyoto, kikosi cha Shinsengumi cha upande wa shogun nao walikuwa wakiwawinda wanamapinduzi na kuwaua. Ameweka silaha, amejinyima, anasaidia wanyonge. Mnataka afanye nini tena?

Mimi nasema deni lipo, na kuacha kuua hakulilipi. Huo upanga uliogeuzwa unawanufaisha wanaokutana naye leo. Toki amenufaika nini? Kaka yake hayupo, na kwa miaka yote hiyo aliyemuua hajawahi kubisha hodi mlangoni kwake.

Hilo la mjumbe ndilo lililonifanya nichimbe historia yenyewe, na nilichokuta kiliniuma. Kenshin alichorwa kwa kumtazama mtu wa kweli, Kawakami Gensai wa Kumamoto. Mwaka 1864 Kawakami alimuua msomi Sakuma Shozan mjini Kyoto, mchana, Sakuma akiwa juu ya farasi. Mapinduzi yakashinda. Lakini Kawakami aliendelea kung'ang'ania kwamba wageni wafukuzwe Japani, wakati wakubwa walikwisha kubadili msimamo na kufanya nao biashara. Mwaka 1872 serikali aliyoipigania ikamhukumu kifo. Kwa hiyo mjumbe aliuawa, na waliomuua ni wa upande wake.

Sasa mweke pembeni ya Ito Hirobumi. Mapema mwaka 1863, akiwa kijana wa miaka 21, Ito na mwenzake walimvizia msomi Hanawa Tadatomi wakamuua, kwa uvumi tu kwamba anatafuta kwenye nyaraka za kale mifano ya kumwondoa mfalme madarakani. Mwaka 1885 Ito akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Japani. Kuanzia 1963 sura yake ilikaa kwenye noti ya yen 1,000. Wote wawili waliua wasomi kwa jina la mapinduzi yaleyale. Mmoja alipewa noti, mwingine kaburi. Nikimweleza mdogo wangu haya alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi kaka, deni ni la serikali, si la Kenshin."

Hapo ana hoja, sikatai. Hata ndani ya filamu Shigure anapigwa risasi na watu wa serikali wakati tayari amekubali kuacha. Nilikasirika kweli.

Lakini tazameni watu wa jimbo la Aizu, waliokuwa upande wa shogun. Vuli ya 1868 ngome yao ilizingirwa na jeshi la serikali mpya kama mwezi mzima. Vijana 20 wa kikosi cha Byakkotai, wengi wao wa miaka 16 na 17, waliona moshi kutoka kilima cha Iimori wakadhani ngome imeanguka, wakajiua. Ngome ilikuwa bado imesimama. Alinusurika mmoja tu. Mwaka 1986 mji wa Hagi, uliokuwa makao ya Choshu, ukaomba urafiki na Aizuwakamatsu, mji wa Aizu wa leo, maana karibu miaka 120 ilikuwa imepita. Aizuwakamatsu wakakataa: kwao miaka hiyo ilikuwa bado michache.

Mdogo wangu anasema si unaona, walikwenda wakakataliwa, kuna faida gani? Mimi naona kinyume. Walioomba ni watu ambao hawakushika upanga, wakiwaomba watu ambao hawakuzika. Wahusika walikwisha kufa, hakuna aliyebaki wa kusema "ni mimi" wala wa kujibu "nimekusikia". Kenshin na Toki wako hai wote wawili, wanaweza kukaa mkeka mmoja. Asipokwenda yeye mwenyewe, hakuna serikali itakayokwenda kwa niaba yake.

Wapo watakaosema kumwambia Toki ni kumtonesha kidonda ili muuaji apate usingizi. Hoja hiyo naiogopa kuliko zote, na bado sina jibu la kuitosheleza.

Kwa hiyo nauliza, hasa wenye ndugu waliouawa popote pale: ungekuwa Toki, ungetaka aje? Nilimuuliza mdogo wangu jana usiku. Alikaa kimya muda mrefu, akasema angetaka kujua jambo moja tu, kama kaka yake alisema neno kabla ya kufa. Na hilo anayelijua ni Kenshin peke yake.