Buti za barafu kutoka duka la mtandaoni Ujerumani: soli imeachia, huduma kwa wateja wananizungusha

Mlango_wa_Marangu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaojua vifaa vya mlimani na manunuzi ya nje.

Nimeagiza buti za daraja la B2 (buti ngumu za barafu), saizi 43, euro 320, kutoka duka la mtandaoni la Ujerumani. Ni za kupanda kilele cha Margherita kule milima ya Rwenzori (mita 5,109), kwa hiyo lazima zishike kramponi (meno ya chuma ya kutembelea barafu, yanafungwa chini ya buti) zenye wenzo wa kubana kisigino. Buti za kawaida za Kilimanjaro hazina ukingo wa kuushika huo wenzo. Mzigo umefika Moshi, ushuru na VAT nimelipa. Zimevaliwa ndani ya nyumba tu, juu ya zulia.

Leo ni siku ya 19 tangu nizipokee. Buti ya kushoto imeachia mbele: kati ya soli na ule mpira unaozunguka vidole kuna mwanya wa sentimita tatu hivi, kadi ya benki inapita.

Majibu niliyopata hadi sasa: kwanza, siku 14 za kurudisha zimepita. Pili, nimwandikie mtengenezaji, waranti ni yake. Tatu, nilipobana, nizitume kwa gharama zangu zikakaguliwe, bila wao kuahidi chochote. Kila jibu linatoka kwa mtu mwingine, naanza kueleza upya.

Nimelipa kwa kadi ya Visa ya benki. Je, nina haki gani hapo? Usafiri wa kurudisha ni wa nani? Na je, nikipeleka kwa fundi hapa mjini akabandika, si nitakuwa nimemaliza?

Hesabu_na_Haki

Mkuu, usibandike chochote kwanza. Gundi ikishaingia pale, ushahidi umekwisha.

Hilo duka linakuchanganyia mambo matatu tofauti, na wewe ukiyajibu kwa pamoja wanapata pa kukwepea. Siku 14 ni haki ya kughairi: umebadili mawazo tu, huna haja ya kutoa sababu. Hiyo kweli imepita, iache. Waranti ya mtengenezaji ni ahadi ya hiari, na masharti anaweka yeye. Jambo la tatu, ambalo hawajalitaja hata mara moja, ni wajibu wa muuzaji mwenyewe kwa bidhaa yenye kasoro. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya wajibu huo unadumu miaka miwili tangu upokee mzigo. Maelekezo ya 2019/771 yanayotumika tangu Januari 1, 2022 yanasema kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza inachukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo, na muuzaji ndiye wa kuthibitisha vinginevyo. Wewe uko siku ya 19.

Fungua masharti ya duka, tafuta kipengele kinachotaja sheria ya nchi gani inaongoza mkataba. Kikisema ya Ujerumani, kinukuu kwenye barua yako. Kwa sheria hiyo mnunuzi ndiye anayechagua kati ya kutengenezewa na kubadilishiwa, isipokuwa gharama iwe kubwa kupita kiasi, na gharama za usafiri ni za muuzaji. Kurudishiwa fedha unadai pale wanaposhindwa kufanya hayo kwa muda wa kutosha au wanapokataa. Kwa hiyo usianze na "nirudishieni hela". Dai jozi nyingine kwanza, wape siku 14, kisha utaje fedha kama hatua itakayofuata.

(Anayesoma hapa na amenunua Uingereza, hesabu ni nyingine: Consumer Rights Act ya 2015 inampa siku 30 za kuikataa bidhaa yenye kasoro na kurudishiwa fedha yote.)

Sasa namna ya kuandika. Jibu kwenye uzi uleule wa barua pepe, namba ya malalamiko ileile. Ukifungua mpya unarudi mwisho wa foleni, na anayekujibu haoni yaliyotangulia. Kichwa kiwe: namba ya oda, jina la buti, saizi, "soli imeachia, naomba jozi nyingine". Mwili usizidi mistari kumi: tarehe ya kupokea, kasoro iko wapi, zimevaliwa wapi, unachodai, na siku ya mwisho uitaje kwa tarehe kamili. Kama uliwahi kuchati nao kwenye tovuti, hifadhi picha za skrini zote. Dirisha la chati likifungwa mara nyingi huwezi kulirudia.

Na mwisho waombe maelekezo ya kurudisha kwa maandishi. Hapa ndipo kadi yako inapoingia. Kwa bidhaa mbovu Visa inaruhusu benki kupinga muamala ndani ya siku 120, na benki itakuuliza mambo mawili: ulijaribu kumalizana na muuzaji? Ulirudisha, au ulijaribu kurudisha? Barua ya kuomba maelekezo ambayo haikujibiwa ndiyo inayoonyesha kwamba ulijaribu. Peleka benki ankara, picha na mawasiliano yote yakiwa yamepangwa kwa tarehe. Usiifunge hiyo kadi mpaka fedha irudi. Na ujue inarudi kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku hiyo, kwa hiyo shilingi hazitalingana na ulizotoa.

FundiSoli_Arusha

Naunga mkono, usipeleke kwa fundi sasa hivi. Lakini kabla hujaandika jua kwanza unadai nini, maana soli huachia kwa njia mbili na tiba hazifanani.

Fungua ule mwanya taratibu kwa kidole, usivute. Angalia nyuso zote mbili kwa tochi. Ukiona uso laini, safi, gundi imebaki upande mmoja kama ngozi nyembamba inayong'aa, hiyo ni gundi iliyoshindwa kiwandani: uso haukusafishwa vizuri au joto la kubana halikutosha. Hiyo hata hapa inatengenezeka.

Ukiona unga au chembechembe zimebaki pande zote mbili, kilichokatika si gundi, ni ile soli ya kati yenyewe (tabaka lililo juu ya mpira wa chini). Soli za kati nyingi za buti ngumu ni za poliyuretini, aina ya plastiki. Unyevunyevu wa hewa unaivunja taratibu kikemikali hata buti ikiwa mpya ndani ya boksi, na joto linaongeza kasi. Kukaa bila kuvaliwa hakuisaidii kitu. Mwisho wake inamomonyoka kama biskuti. Hapo kubandika ni kazi bure, unagundisha unga.

Fanya hivi: bonyeza ubavu wa soli ya kati kwa ukucha wa dole gumba, juu kidogo ya mpira wa chini. Poliyuretini nzima inabonyea na kurudi. Iliyochoka inabaki na alama, au inaonyesha mipasuko myembamba kama ya udongo mkavu. Fanya na buti ya kulia pia, hata kama haijaachia.

Halafu tafuta lebo ya tarehe. Kwa kawaida iko ndani ya ulimi au ubavuni karibu na saizi, mwezi na mwaka au wiki na mwaka. Maduka yanayouza kwa punguzo kubwa huwa yanasafisha ghala.

Picha zinazotakiwa: buti nzima kwa ubavu, mwanya ukiwa na rula pembeni, nyuso za ndani kwa karibu, lebo ya tarehe, na chini ya soli zote mbili. Hiyo ya mwisho watu huisahau, nayo ndiyo inayoonyesha meno ya soli hayajalika na hakuna mchanga katikati yake. Piga mchana karibu na dirisha, bila flashi, mpira mweusi ukipigwa flashi hauonyeshi kitu.

Mlango_wa_Marangu

Shukrani sana. Nimeangalia: unga upo pande zote mbili. Ya kulia ina mipasuko midogo upande wa kisigino. Lebo inaonyesha zimetengenezwa zaidi ya miaka minne iliyopita. Hii inabadilisha barua?

FundiSoli_Arusha

Inabadilisha sana. Sasa kasoro ni ya jozi nzima, usikubali watengeneze mguu mmoja. Andika wazi kwamba soli ya kati ya buti zote mbili imeoza kwa umri na taja tarehe ya lebo. Wakikuambia ni uchakavu wa matumizi, picha ya chini ya soli inawajibu. Na kwenye jozi mpya dai tarehe ya kutengenezwa isiyozidi mwaka mmoja, wapige picha ya lebo kabla ya kutuma. Bila sharti hilo watakuletea nyingine ya shehena ileile.

Wakala_wa_Mizigo

Niongeze kwenye usafiri, maana hapo ndipo watu wanaliwa hela.

Kampuni za vifurushi vya haraka hazitozi kwa kilo za mzani peke yake. Zinapima boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000, kisha zinachukua namba iliyo kubwa. Boksi la 35 × 30 × 14 linatoa 2.94, unalipia kilo 3 hata kama buti zina kilo 1.8. Kwa hiyo usiweke boksi la buti ndani ya katoni kubwa. Lifunge kwa karatasi ngumu hivyohivyo lilivyo. Kabla ya yote, dai duka litume lebo ya usafiri iliyolipiwa. Wakisema hawawezi kuitoa kwa Tanzania, waandike hivyo kwa maandishi na wakubali kurudisha gharama kwa risiti.

Njia nyingine unayoweza kuwapendekezea: buti ziharibiwe hapahapa. Unakata ulimi na kutoboa ubavu wa kila mguu, unapiga picha pamoja na karatasi yenye namba ya oda, wao wanatuma jozi mpya au fedha. Maduka mengi hukubali, kwa sababu buti iliyooza haiuziki tena na usafiri unawagharimu. Lakini usishike kisu kabla hawajakubali kwa maandishi.

Zikibidi kusafiri, kwenye tamko la forodha andika ni bidhaa za Umoja wa Ulaya zinazorudishwa kwa muuzaji, ambatisha nakala ya ankara ya kwanza na namba ya ufuatiliaji ya mzigo uliokuja. Ulaya wana msamaha wa ushuru kwa bidhaa zinazorudi ndani ya miaka mitatu katika hali ileile. Ukiandika "viatu" na thamani tu, duka litadaiwa ushuru mlangoni, litakataa mzigo, na utarudi kwako kwa gharama zako.

Upande wetu, zungumza na wakala wa forodha kabla buti hazijatoka. Buti zikiondoka nchini bila kumbukumbu yoyote, jozi ya pili itahesabiwa kuwa mzigo mpya: ushuru wa forodha juu ya thamani pamoja na bima na usafiri, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Hifadhi hati ya makadirio ya ushuru ya mzigo wa kwanza. Na mwambie muuzaji asiandike thamani sifuri wala "zawadi". Thamani halisi iandikwe, na maneno kwamba ni mbadala wa bidhaa mbovu chini ya oda namba fulani. Sifuri ndiyo inayofanya mzigo ushikiliwe.

Njia_ya_Kilembe

Kaka, jozi mpya ikifika, ijaribu kwa namna ambayo haitakunyima haki ya kuirudisha. Kramponi za chuma zinaacha mikwaruzo kwenye ukingo wa kisigino, na duka likiiona linasema zimetumika. Weka karatasi nyembamba kati ya wenzo na ukingo. Kwanza rekebisha urefu wa lile bamba la katikati, kisha funga bila mkanda, inua buti na uitikise. Kramponi isitoke, na wenzo uhitaji nguvu ya kiganja kujifunga. Ukijifunga kwa kidole kimoja, imelegea. Kabla ya kuilaumu buti, jaribu wenzo wa kramponi ya kulia kwenye kisigino cha kushoto: tatizo likihama na kramponi, buti haina kosa.

Saizi ipime jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, kwa soksi zilezile za mlimani. Toa soli ya ndani, simama juu yake: mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole kimoja. Kisha vaa, funga kamba, simama kwenye ubao ulioinama kuelekea chini. Vidole vikigusa mbele, kucha zitakuwa nyeusi ukishuka. Tofauti ya saizi moja ya Ulaya ni milimita 6.7 tu, ya Uingereza ni 8.5 hivi, kwa hiyo usibadilishe namba kwa kukisia. Tuma urefu wa mguu kwa milimita na uombe duka lilinganishe na jedwali la mtengenezaji wa buti hiyo.

Na kama safari iko karibu, usilisubiri duka. Waandaaji wa safari za Rwenzori, upande wa Kilembe na Nyakalengija, hukodisha buti ngumu na kramponi. Watumie saizi mapema. Gambuti hata hivyo utahitaji: matope ya kule chini yanafika magotini, buti za barafu unazibeba begani mpaka kambi za juu.

Mlango_wa_Marangu

Barua imetoka leo, picha sita, siku ya mwisho nimeitaja kwa tarehe, na pendekezo la kuziharibu nimeliweka mwishoni. Wakijibu nitaweka hapa.